Mashine ya kuvuta hewa na nguru wangu wa Feri

Jamani hii mashine ya kuvuta hewa kwenye mfuko wa chakula na kuuziba imeniokoa, maana Jumamosi nikienda Feri, soko la samaki la Dar, nachukua nguru mzima nakatiwa vipande, na zamani vikikaa friza vinakauka vinaota weupe pembeni, roho inauma kweli. Ukichagua angalia iwe na seting ya vyakula vyenye majimaji, na mifuko iwe ile yenye vijimistari kwa ndani, ile laini kabisa hewa haitoki vizuri. Mimi vipande naviweka kwanza friza kama masaa mawili vigande kidogo, halafu nafuta mdomo wa mfuko mpaka ukauke, utelezi wa samaki ukibaki pale hapashiki. Na samaki bado lazima akae friza, siku ya kuyeyusha fungua mfuko kwanza ndo uweke kwenye friji.