Trekta lililogoma kunyanyua plau

Januari ya mwaka 2002 trekta la mjomba wangu lilikuwa na ugonjwa wa saa nne asubuhi. Saa moja, likiwa bado la baridi, lilinyanyua plau la diski tatu bila shida yoyote. Ikifika saa nne, oili imeshapata moto, unavuta leva na plau linatikisika kidogo halafu linabaki pale pale ardhini. Huwezi kugeuza mwisho wa tuta. Huwezi kurudi nyumbani barabarani bila kuburuza diski. Unazima injini, unakaa kivulini, unasubiri chuma kipoe, na mvua ya kupandia ufuta haikusubiri.

Hiyo ilikuwa Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza kuelekea Desemba na kuisha karibu na Mei, na ardhi ikishalowa kila mwenye shamba anataka trekta wiki hiyo hiyo. Mjomba alikuwa na Massey Ferguson 165, aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1964 na 1975. Lilikuwa limenizidi umri. Alilinunua likiwa limeshapita mikono mingi, kwa fedha za korosho, na alilimia watu kwa ekari. Sisi ni watu wa ukoo wa mama; mjomba ndiye aliyenisomesha na ndiye aliyenikalisha kwenye kiti cha trekta nilipomaliza kazi ya utingo. Kwa hiyo trekta likilala, ni nyumba nzima inalala.

Kila aliyepita alisema pampu. Fundi wa kwanza kuitwa hakulizungusha hata mara mbili. Alisema pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyulia plau, imekufa, trekta lipasuliwe katikati, pampu nyingine iagizwe Dar es Salaam. Miaka hiyo daraja la Rufiji lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwaka 2003. Mvua zikikolea, barabara ya kwenda Dar ilikuwa matope na kivuko, na lori liliweza kukwama njiani mpaka dereva akaanza kupika. Kuagiza pampu Januari maana yake ni kulima mwakani.

Mama mkubwa ndiye aliyesema aitwe mzee mmoja aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji. Mzee huyo alianza ufundi akiwa kijana mdogo wa kupokezana spana kwenye karakana za mpango wa karanga, ule ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, wakauacha mwaka 1951. Alituhadithia vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki, na jinsi reli ya kutoka Mtwara ilivyofika huku na baadaye, baada ya uhuru, ikang'olewa. Wengi walimsikiliza kwa ajili ya hadithi. Mimi namkumbuka kwa maswali.

Alikuja kwa baiskeli, akalizunguka trekta taratibu, kisha akaniita mimi, si mjomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeliendesha?"

"Ndiyo, babu."

"Likishanyanyua plau, ukasimama injini ikiwa inaunguruma, plau linatulia au linachezacheza?"

"Linachezacheza. Linashuka kidogo, linapanda tena."

"Ukizima injini?"

"Linashuka kabla sijateremka kwenye kiti."

"Na ukikanyaga klachi mpaka chini kabisa?"

"Halipandi, hata asubuhi."

Akatabasamu. "Hilo la mwisho si ugonjwa. Hivyo ndivyo lilivyoumbwa."

Akatueleza, mjomba akiwa amesimama pembeni na mikono nyuma. Klachi ya trekta lile ni ya hatua mbili. Ukikanyaga nusu, unatenganisha injini na gia. Ukikanyaga mpaka mwisho, unasimamisha na shafti ya PTO, ile ya kuzungushia zana nyuma, na pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti hiyo hiyo. Leva ya PTO ikiwa haijaingizwa, pampu haizunguki. Mguu ukiwa chini kabisa, pampu imesimama. Mafundi wengi, alisema, wamefungua matrekta mazima kwa sababu hakuna aliyeitazama leva ya PTO.

Kuhusu plau kushuka injini ikizimwa, hapo alikaa muda mrefu. Pampu iliyochoka nayo hushindwa oili ikiwa ya moto, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na hupenya kwenye kila mwanya. Lakini injini ikizimwa, pampu haina kazi tena. Plau likishuka mbio wakati huo, oili inatoroka mahali fulani baada ya kusukumwa: kwenye vali, kwenye bomba linalopanda kutoka kwenye pampu, au kwenye silinda ya kunyanyulia. Na lile kuchezacheza ni dalili ya jambo hilo hilo. Oili inavuja, plau linashuka, vali inafunguka kuongeza, plau linapanda. "Pampu inayoweza kufanya hivyo kutwa nzima," alisema, "bado ina nguvu."

Mjomba akauliza kama ana hakika. Mzee akajibu kwamba hana, ndiyo sababu tutatazama kabla ya kununua.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kiasi kilikuwa kimepungua kidogo tu, lakini rangi ilikuwa ya chai ya maziwa. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: kwenye trekta lile, giaboksi, difu na haidroliki vinatumia oili moja. Pampu yenyewe haiko nje. Imezama humo humo ndani, nyuma ya gia, inanyonya kile ambacho gia zinaoga. Mpira wa kwenye shina la leva ya gia ulikuwa umechanika, na trekta lilikuwa likilala uwanjani. Kila mvua iliyonyesha ilikuwa inateremka polepole kwenye leva mpaka ndani. Gia zilikuwa zinalia tangu Desemba, namba tatu ikiwa ngumu kuingia na ikikwaruza, na sote tulidhani ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mzee akaomba sahani nyeupe ya bati. Akamwaga oili kidogo, akaiinamisha juani, akapitisha kidole. Vumbi la chuma lilikuwepo, laini, la kijivu. Vipande havikuwepo. "Jino la gia likivunjika, utalikuta humu," akasema. "Hizi ni nzima. Zinalia kwa sababu ya maji."

Kisha akatoa agizo lililowashangaza watu: nirudi shambani, nilime mpaka trekta ligome. Alitaka kulitazama likiwa na moto, kwa sababu likiwa la baridi lingemficha. Nikalima. Saa nne na kitu likagoma kama kawaida, nikaliburuza mpaka chini ya mwembe. Tukapunguza oili mpaka ikawa chini ya dirisha la ubavuni, upande wa kulia, pale kinapokaa kijiti cha kupimia, tukafungua bati lake. Ukichungulia hapo unaiona pampu, shafti yake inayozunguka, na juu yake sehemu ya chini ya mfuniko wa haidroliki pamoja na silinda.

Alikuwa mkali sana hapo. Mikono yote mbali, mashati yafungwe vifungo, watoto waondoke. Shafti ile inazunguka wazi, na ikishika kitambaa haitoi nafasi ya pili. Na chini ya plau lililonyanyuliwa kwa haidroliki mtu asipite. Aliweka magogo mawili chini ya fremu kabla ya kuniambia niwashe injini.

Nikavuta leva. Mzee akamulika tochi, akamwita mjomba, naye akachungulia. Pale chini kwenye pampu kulikuwa kumetulia. Bomba linalopanda lilikuwa kavu kwenye maungio yake. Lakini kutoka juu, kwenye mdomo wa silinda, oili ilikuwa inamiminika mfululizo, na kila ilipozidi plau lilitetemeka.

"Kwa hiyo si pampu," mjomba akasema.

"Si pampu. Ni sili ya pistoni."

Sikuwahi kumwona mjomba akishusha mabega namna ile. Alikuwa ameshaanza kuzungumza na mtu juu ya kuuza mikorosho yake ya upande wa bondeni.

Kufungua mfuniko wa haidroliki si kazi ndogo. Ni chuma kizito, kiti kimekaa juu yake, na mikono miwili ya kunyanyulia imeshikana nayo. Tuliazima winchi ya mnyororo, tukaifunga kwenye tawi nene la mwembe baada ya mzee kulipima tawi lenyewe kwa kuning'inia. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza alinipa kopo la rangi nyeupe na kijiti, nikatia alama kila kiungo cha leva, kipi kinatazama wapi. Kwenye trekta hizi leva moja ni ya kunyanyua na kushusha, nyingine ni ya kusikia uzito wa udongo kwenye zana, na zote mbili zinaizungumzia vali moja ya pampu kupitia vyuma vilivyojificha humo ndani. Ukikirudisha kimoja upande usio wake, trekta litanyanyua likatae kushusha. Kwa hiyo mfuniko ulipandishwa kidogo kidogo, yeye akiwa ameingiza mkono kuviongoza vyuma vile.

Pistoni ilipotoka, hapakuhitajika maelezo. Ile sili, pete ya mpira inayoitwa oringi, ilikuwa imekauka, imebapa upande mmoja, na imechimbika mahali palipopita takataka. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo hafifu, akaisugua kwa msasa laini uliolowa oili mpaka kidole kikawa hakikwami.

Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaleta kipande cha tyubu ya lori akashauri tukate pete pale pale. Mzee hakubishana. Alichukua kipande hicho, akakitumbukiza kwenye kopo la oili, akalifunika na kuliweka dirishani. Kesho yake kilikuwa kimevimba na kuwa laini, ukikibinya kinabonyea. Mpira wa tyubu na oili ya madini havikai pamoja. Sili za haidroliki ni za mpira wa aina nyingine uliotengenezwa kuvumilia oili. Ingefanya kazi siku chache, halafu vipande vyake vingeenda kuziba vali. Jirani mwenyewe alilishika lile kopo, akalionyesha kwa wenzake mtaani.

Nilitumwa Masasi, na nilienda na pistoni yenyewe imefungwa kwenye kanga. "Usinunue kwa macho," mzee aliniambia, "nunua kwa pistoni." Nikapata lori la mizigo, tukapita Lukuledi kwenye utelezi, nikafika jioni. Duka la kwanza walinipa pete iliyokaribia kufanana. Nikaivalisha kwenye mfereji wa pistoni, ikajitokeza nje mno, nikairudisha. Mahali pengine muuza spea, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya kiua, aliichukua pistoni, akaipima kwa kipimo chake cha chuma, akaingia ndani na kurudi na oringi pamoja na pete yake ya kuegemea. Akaniuliza trekta ni la nani, akanipunguzia bei. Nikanunua na mpira wa leva ya gia, nikalala Masasi kwa binamu.

Niliporudi nikakuta mzee hakukaa bure. Alikuwa amemwaga oili yote, karibu madebe mawili, amesuuza ndani kwa dizeli na kuiacha ichuruzike yote, na amefungua chujio la pampu. Tope lililotoka kwenye chujio lile lilikuwa zito kiasi kwamba hata pampu mpya ingekufa njaa. Alikuwa pia amerekebisha mchezo wa pedali ya klachi, ile nafasi ya bure kabla pedali haijaanza kusukuma, maana ulikuwa umezidi mno na klachi haikuwa inaachia vizuri. Kukwaruza kwa gia namba tatu kulitoka huko zaidi ya kwingine kokote. Mjomba alinunua oili mpya ya trekta, ile ya gia na haidroliki pamoja, na mzee akamkataza kuongezea oili ya injini iliyobaki ghalani.

Tukafunga. Tukawasha. Leva ikapandishwa na kushushwa bila plau kwanza mpaka hewa ikaisha. Kisha nikaenda shambani, na mzee akaja nyuma kwa baiskeli yake, akaketi kwenye kisiki, akasubiri saa nne. Ikapita. Ikafika saa sita, oili ikiwa ya moto kuliko siku zote, nikanyanyua plau na kuzima injini kama alivyonielekeza. Tukala ugali na mbaazi. Tulipomaliza plau lilikuwa limeshuka upana wa vidole viwili tu. Alichukua malipo aliyoyataja yeye, madogo kuliko nauli ambayo fundi wa kwanza aliitaka kwa safari ya Dar.

Ufuta wa msimu ule tuliupanda kwa wakati, wetu na wa majirani. Kabla ya mvua zilizofuata mjomba alijenga banda la makuti kwa ajili ya trekta peke yake.

Mwaka uliofuata mtu wa Ruangwa alitufuata akisema Massey yake imegoma kunyanyua, na ameshaambiwa pampu. Mzee alikuwa mgonjwa, akanituma mimi. Nikamwita dereva pembeni, nikaanza kumuuliza. Alisema halikunyanyua asubuhi wala mchana, isipokuwa mara nyingine, trekta likiwa linatembea, plau lilijaribu kupanda. Nikapanda kwenye kiti nikaitazama leva ya PTO. Ilikuwa imewekwa upande wa kuzungushwa na magurudumu badala ya injini, kwa hiyo trekta likisimama na pampu inasimama. Nikakanyaga klachi mpaka chini, nikairudisha leva upande wa injini, na kabla mwenye trekta hajamaliza kuniuliza natafuta spana namba ngapi, plau lilikuwa juu.