Nilivyojifunza kuuza kutu Nagoya

Kazi yangu ni magari. Mwaka wa kumi na moja huu nipo Nagoya, nanunua Probox na Noah mnadani, nazipakia melini kwenda Dar na Mombasa, na adui yangu mkubwa ni kutu. Karatasi ya mnada wa magari hapa Japani ina mchoro wa gari, na palipo na kutu wanaandika herufi S, yaani sabi. Kila S inakata bei. Gari lililotoka Hokkaido, ambako theluji ni nyingi na barabara zinamwagiwa chumvi, silinunui mpaka nimelala chini yake na tochi. Nayasema haya mwanzo ili nikifika kwenye ule ujinga wangu msinihukumu sana.

Kilichoniingiza kwenye mambo ya panga ni harufu. Nilikuwa napita Osu, mtaa wa hapa Nagoya, mchana wa Agosti, jua kali, mlango wa duka moja la vitu vya kale ukafunguliwa, nikanusa karafuu. Mie mtoto wa Wete, nimekulia juu ya majamvi ya karafuu, siwezi kukosea. Nilisimama pale kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina la utotoni katika mji wa watu. Nikaingia. Mzee mmoja alikuwa anapangusa upanga kwa karatasi laini na kichupa cha mafuta kiko pembeni. Mafuta yale yanaitwa choji, na choji kwa Kijapani ndiyo karafuu yenyewe. Wanayapaka upanga usishike kutu. Nilipomwambia kwetu ndiko zinakoota, akanifungulia kichupa puani, kisha akanivutia kiti.

Alipojua nauza magari akaanza kuniita Kuruma-san, Bwana Gari. Mimi nilimwita Sensei, yaani Mwalimu, na hadi leo ni hivyo.

Basi washauri nao hawakuchelewa. Jamaa yetu mmoja wa hapa Nagoya, anayeuza kila kitu na hajui hata kimoja, akaniambia: "Sheikh, nunua upanga wenye jina la fundi. Wazungu wananunua jina. Na ukiona una kile kikaratasi cha usajili, umemaliza, huo ni halisi." Hapa Japani upanga hutembea na kikaratasi chake cha usajili. Nikamwamini. Kwenye mnada wa mtandaoni nikapata wakizashi, ule upanga mfupi, umechongwa jina la Kotetsu, fundi mkubwa wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, wa karne ya 17. Laki mbili na ushee za yeni. Kikaratasi kipo. Nikaandikia bodi ya elimu ya mkoa uliokitoa, maana mmiliki mpya anatakiwa kujitambulisha ndani ya siku 20, nikajiona tajiri.

Sensei aligonga kijiti cha mianzi kinachoshika mpini, akauvua mpini, akatazama nakago, ule mkia wa chuma unaozama ndani. Hakutazama hata makali. Akaninyooshea kucha kwenye herufi: kutu ya mkia ilikuwa nyeusi, nzito, ya zamani, lakini ndani ya mikato ya herufi ilikuwa na wekundu wekundu. Jina liliingia baadaye sana, juu ya kutu. Na wanaojua wanasema ukiona Kotetsu anza kwa kudhani ni bandia, mpaka ithibitike vingine. Kile kikaratasi je? Kinaandika urefu, mpindo, idadi ya matundu ya mpini na herufi zilizopo. Kwamba herufi zinasema kweli, hakisemi. Ni kama kadi ya gari: inakwambia namba ya chesisi, haikwambii kama injini itakufikisha Chalinze. Nikauuza kwa hasara, nikamweleza mnunuzi ukweli wote, na yule mshauri hajawahi kunirudishia hata chai.

Mjomba wangu aliyeko Muscat alicheka sana nilipompigia. "Wewe umesahau hanjari? Nani kakwambia mtu ananunua bapa, chuma chenyewe cha kukatia? Bei iko kwenye kipini na fedha ya ala." Kwa panga za Kijapani si kweli, kwani bapa ndiyo roho yake na watu wanalipa mamilioni, ila kwa mfuko wangu alinisaidia. Sensei naye aliniambia vilevile kwa njia yake: jicho la bapa linataka miaka ishirini, anza na tsuba.

Tsuba ni kisahani kinachokaa kati ya mpini na bapa, mkono usiteleze kwenye makali. Upana sentimita 7 au 8, katikati tundu la kupitisha upanga. Ziko nyingi zinazozagaa bila panga zake, kwa sababu mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku samurai kutembea na panga, vifaa vikavuliwa, vikauzwa, vingine vikaishia Ulaya. Uzuri wake kwa mfanyabiashara: tsuba ya kawaida haina usajili, haina siku 20, na kuituma nje ni bahasha ya posta tu. Upanga lazima urudishe kile kikaratasi na upate kibali cha Bunkacho, wakala wa serikali wa utamaduni, na hapo unangoja majuma. Leseni nilikuwa nayo tayari. Sheria ya Japani inaliweka gari lililotumika na upanga wa kale kapu moja, vyote ni kobutsu, yaani vitu vilivyokwisha tumika, na leseni inapitia polisi. Nikapeleka taarifa ya kuongeza kundi la vitu vya sanaa. Askari aliyepokea fomu alinitazama, akatazama fomu, akanitazama tena.

Sasa ujinga.

Tarehe 18 na 28 za kila mwezi kuna soko la vitu vya kale kwenye uwanja wa hekalu la Osu Kannon. Tarehe 28 moja nikakuta sanduku la vyuma mchanganyiko: bawaba, kufuli, mikasi, na chini kabisa tsuba ya chuma iliyotobolewa, mtindo wa Owari. Owari ndilo jina la zamani la eneo hili la Nagoya, na tsuba zake zinasifika: fundi anatoboa chuma hadi kinabaki kivuli cha picha tu, na chuma kile kinasimama wima bila mapambo, kama mtu asiye na maneno mengi. Yeni 4,000. Ilikuwa imevaa kutu, nyeusi kwa chini, na juu yake madoa ya rangi ya matofali.

Mimi na kutu! Nikaipeleka yadi. Nikachukua dawa ninayotumia kwenye chesisi, nikajaza ndoo ya plastiki, nikaizamisha, nikaenda kulala na furaha. Asubuhi maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikaitoa, nikaifunga kwenye jiliwa, nikachukua drili yenye brashi ya waya. Nikazunguka ukingo wote. Palikuwa na vinundu vinundu vigumu ukingoni, nikaona hivi ni uchafu uliogandamana, nikavisaga mpaka vikalainika. Nikaingia ndani ya vitobo kwa tupa ndogo. Nikamaliza kwa msasa wa namba kubwa, ule wa kulainishia rangi ya gari. Ndugu zangu, iling'aa kama diski ya breki iliyotoka dukani. Niliipiga picha, nikampelekea mama Wete. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, hicho si kile chuma cha chemli kinachoshika utambi?"

Nikaipeleka kwa Sensei nimeifunga kwenye kitambaa, natabasamu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka mezani. Akainuka, akaenda nyuma kuchemsha maji ya chai, akakaa huko dakika kumi hivi. Aliporudi akanimiminia, akanywa yake, ndipo akasema:

"Kuruma-san, ilikuwa imekukosea nini?"

Vile vinundu ni tekkotsu, maana yake mifupa ya chuma: sehemu ngumu zaidi zinazojitokeza ukingoni katika chuma kilichofuliwa, na watu wanazitafuta kwa vidole kama tasbihi. Ile kutu nyeusi ndiyo ngozi yake, imejengeka kwa mamia ya miaka ya mikono na vitambaa. Yale madoa mekundu tu ndiyo yaliyotakiwa kuondoka, nayo yanakwanguliwa polepole kwa kipande cha mfupa au pembe, ambacho ni laini kuliko chuma, na tone la mafuta. Kabla ya ndoo, akakadiria, ingefika elfu hamsini. Na baada ya ndoo? "Itakufaa kuzuia karatasi zisipeperuke."

Sikulala vizuri. Nikaamua nitairudishia ngozi. Sensei sikumwambia.

Juni mvua za tsuyu zilipoanza nikaitundika kwa waya chini ya paa la yadi, naipulizia maji ya chumvi kidogo, naiacha, kila jioni naifuta unga mwekundu unaotoka. Siku za mwanzo ilikuwa kama ndui. Niliharakisha nikaongeza chumvi, kutu ikaja ya maganda ikabanduka, nikaanza upya. Mara ya pili nikawa na adabu. Mwisho wa Julai ilikuwa nyekundu sawasawa kila mahali, ndipo nikachemsha sufuria la chai kali ya majani, nikaitumbukiza. Tanini ya chai ikikutana na kutu nyekundu inaigeuza nyeusi na kuituliza. Nilikuwa natazama mwenyewe: wekundu unazama, weusi unapanda, kama wino kwenye kitambaa. Kijana wangu wa yadi akafunua kifuniko, akaona chuma kinachemka na majani ya chai, akaniuliza kama kwetu ndivyo tunavyokunywa.

Baada ya hapo ni kusugua. Nilikuwa na kipande cha kanga kuukuu ya mama, pamba iliyolainika kwa kufuliwa. Nikawa natembea nayo mfukoni, nasugua nikiwa mnadani, nasugua kwenye treni. Miezi. Ikaanza kupata mng'ao ule wa ndani, wa mbegu ya ukwaju. Nikaipeleka. Sensei akaigeuza, akaipeleka dirishani, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa.

"Nzuri. Umri wake mwaka mmoja."

Yupo aliyenishauri niiuze tu kama ya kale, nani atajua. Yule yule wa upanga wenye jina! Tsuba ile sikuiuza, imefungwa kwenye funguo za ofisi yangu.

Ila ile tsuba ilinifundisha kwa vidole kitu ambacho nisingekipata kwa kusikiliza. Na hapo ugomvi wangu na magari ukanilipa. Ninacho kioo kidogo chenye mkono mrefu, cha kuchungulia juu ya tangi la mafuta na nyuma ya chesisi. Novemba, tarehe 18, mchuuzi mmoja alikuwa na sinia la tsuba kama kumi. Wenzangu wanaangalia sura. Mimi nikatoa kioo na tochi, nikachungulia kuta za ndani za vitobo, pale ambapo mtengenezaji wa bandia anachoka. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu mara nyingi kina mshono mle ndani, kama ubavuni mwa chupa ya plastiki, au vipele vya mchanga. Saba zilikuwa hivyo. Ya nane, kuta safi, zimepitiwa tupa, kutu nyeusi mpaka ndani kabisa. Tundu la katikati lina vipande vya shaba nyekundu vilivyopachikwa na alama za patasi kando, maana yake imewahi kukazwa kwenye panga halisi, pengine zaidi ya moja. Na ukingoni, mifupa yangu! Niliipapasa nikaona aibu tena. Nikaining'iniza kwa uzi nikaigonga kwa ukucha, ikaimba. (Sensei anasema mlio si ushahidi. Sawa, lakini uliniridhisha.) Mchuuzi alitaka 35,000, nikajishughulisha na vikombe vyake robo saa, tukamalizana kwenye 28,000.

Niliipeleka Tokyo kwa NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za sanaa kilichoanzishwa 1948, makumbusho yake yako Ryogoku. Ndio wanaotoa karatasi ambazo mnunuzi wa nje anaziamini: Hozon kwanza, Tokubetsu Hozon juu yake, kisha Juyo huko mbinguni. Baada ya miezi ikarudi na Hozon na picha yake: haina sahihi, Owari. Haina sahihi! Nilimpigia mjomba Muscat kwa hilo tu. Ikaenda Ujerumani kwa mara tatu ya niliyotoa na kitu juu. Toa ada ya karatasi, posta, na Shinkansen, treni ya kasi, ambayo sikuihesabu kwa sababu nilisema nakwenda kutembea.

Sasa hivi kwa mwezi napitisha tsuba mbili au tatu, na pengine jozi ya vipande vya mpini. Vya shakudo, shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo ikawa nyeusi yenye ubuluu, sivigusi kwa kitambaa chenye dawa yoyote. Kwangu ndoo imepigwa marufuku. Mteja akiniuliza nimesafisha nini namwandikia yote, hata kama ni doa moja.

Mwaka jana mama alinitumia karafuu, mfuko wa kilo, nikampelekea Sensei nusu. Akazinusa, akaweka tano kwenye kichupa cha mafuta, kumi na mbili kwenye droo ya makaratasi, akainama chini ya meza akatoa kisanduku cha mbao ambacho sijawahi kukiona. "Kuruma-san," akasema, "toa kile kioo chako."

Ilikuwa tarehe 17 na mvua inanyesha. Mvua ikilala mpaka 18 wachuuzi wengi hawaji Osu, na wanaokuja wanataka kurudi nyumbani mapema. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa hekaluni na mwavuli.