Kuba Kwanza, Bahari Baadaye

Kitu cha kwanza alichokiona Mama baada ya kupasuliwa jicho kilikuwa kuba jekundu. Hakuliona jengo lililolibeba, wala barabara, wala bahari iliyokuwa hatua chache kutoka pale tuliposimama. Aliona kuba, mbingu, na kunguru wawili.

“Na chini yake?” nilimuuliza.

“Chini kuna maji,” akasema.

Maji aliyoyasema yalikuwa ndani ya jicho lake. Ilikuwa Desemba 2017, mjini Mumbai. Retina ya jicho lake la kushoto, lile pazia la nyuma linalopokea mwanga, ilikuwa imebanduka. La kulia lilikwisha kufa miaka mingi nyuma kwa presha ya macho. Kwa hiyo tuliposafiri kwenda India tulikuwa tunalipeleka jicho moja, na hakukuwa na la akiba.

Daktari alitoa ute wa ndani ya jicho, akaibandika retina kwa leza, kisha akalijaza jicho gesi ili kiputo kile kiisukume retina ikae mahali pake mpaka ishike. Kiputo hupanda juu, kama hewa ndani ya chupa ya maji, ndiyo maana mgonjwa huambiwa ainamishe uso ili nyuma ya jicho iwe ndiyo juu. Mama aliinama siku saba, mchana na usiku. Alikula ameinama, alilala kifudifudi, aliongea na ndugu zangu kwenye simu huku anaitazama sakafu asiyoiona. Mkononi walimfunga utepe wa kijani wa kumwonya yeyote atakayemtibu kwamba jichoni mna gesi. Ndege ilikuwa marufuku. Shinikizo la hewa hupungua ndege ikiwa angani, gesi ikatanuka, na jicho linaweza kuharibika moja kwa moja. Tukapanga chumba kidogo, tukasubiri gesi iishe yenyewe. Tulisubiri wiki saba.

Gesi ikianza kupungua, mgonjwa huona juu kwanza. Picha huingia jichoni kichwa chini miguu juu, kwa hiyo kiputo kilichoelea juu ndani ya jicho yeye hukiona chini, mfano wa maji kwenye glasi, na kila siku maji yale hushuka kidogo. Sikuyajua haya kabla. Niliyajua siku ile mtaa wa Colaba, nimemshika Mama mkono, yeye ameinua uso kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, anaangalia kuba.

“Ni nini kile?”

“Hoteli, Mama. Taj Mahal Palace.”

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, “Ndiyo ile iliyokuwa inawaka moto kwenye televisheni?”

Ndiyo hiyo. Novemba 2008, magaidi walipoivamia, sote tulikaa mbele ya televisheni tukiangalia moshi ukitoka pembeni mwa kuba lile. Mama wakati huo alikuwa anaona, na kumbe picha ile ilibaki. Kati ya vitu vyote vilivyomo katika mji wa watu milioni nyingi, jicho lake jipya lilianza na kitu alichowahi kukiona na lile la zamani.

Mama si mtu wa kuomba. Nguo akinunuliwa hupokea, asiponunuliwa hasemi. Siku ile akaomba: “Maji yakishuka yote, nataka nilale mle usiku mmoja. Nikiamka nione bahari.”

Nilipiga simu jioni ile. Ndugu zangu walichanga bila swali hata moja, na kaka mkubwa, ambaye tulizoea kumwona mzito wa mfuko, ndiye aliyetuma kwanza.

Tangu hapo tukawa tunakwenda kila baada ya siku mbili tatu kuipima hoteli. Nasema kuipima kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kuba lilifuatwa na vile viminara vya pembeni vyenye vichwa vyekundu, kisha paa. Halafu siku moja akaniminya mkono: “Leo nimeona madirisha. Safu ya juu.” Mstari wa maji ulikuwa umeshuka kufikia ghorofa ya juu kabisa. Safari iliyofuata ikawa safu ya pili. Sijawahi kuangalia jengo lolote namna ile, ghorofa kwa ghorofa, kama mtu anayefunuliwa kitabu ukurasa mmoja kwa siku.

Na kwa vile tulikuwa na muda, nilisoma habari zake usiku, mchana nikamsimulia. Hoteli ilifunguliwa tarehe 16 Desemba 1903. Lile Lango la India linalosimama mbele yake, ambalo wageni hudhani ndilo kongwe, lilikamilika mwaka 1924. Yaani kwa miaka ishirini na ushei kuba lilikuwa peke yake pale ukingoni, na mabaharia walioingia bandarini walilitumia kama alama. Aliyeijenga ni Jamsetji Tata, tajiri wa viwanda. Wanasimulia kwamba alikataliwa kuingia hoteli ya Wazungu, akaapa kujenga iliyo bora kuliko hiyo. Wapo wanahistoria wasioikubali hadithi hiyo. Lililo hakika ni kwamba aliiona hoteli yake imefunguliwa, na miezi mitano baadaye, Mei 1904, akafariki akiwa Ujerumani. Mama alilisikitikia jambo hilo kuliko yote niliyomweleza. “Miezi mitano tu,” alirudia tulipokuwa tunarudi chumbani.

Kuna na uzushi mwingine unaozunguka mjini, kwamba mafundi walikosea ramani wakaijenga hoteli mgongo mbele, na mchoraji alipoona akajiua. Ukweli ni kwamba lango kuu hapo mwanzo lilikuwa upande wa mjini, palipo na bwawa la kuogelea leo, na upande wa bahari ndio uliokuwa nyuma. Mchoraji wa kwanza, Vaidya, alikufa kabla kazi haijaisha, na Mwingereza aitwaye Chambers ndiye aliyeimalizia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia jengo liligeuzwa hospitali ya vitanda 600. Hapo Mama alitikisa kichwa. Alisema basi hata sisi tuna haki ya kuingia.

Katikati ya Januari daktari alimulika jicho, akazungusha kiti chake, akachukua mkasi, akaukata utepe wa kijani. Gesi ilikuwa imekwisha. Mama aliomba apewe ule utepe. Aliukunja ndani ya leso, na mpaka leo haujatoka mle.

Tulihamia hotelini siku iliyofuata, na mizigo yetu ya wagonjwa: mifuko ya dawa, faili la picha za macho, mto wenye tundu katikati aliokuwa akilalia uso. Mlangoni mizigo ilipitishwa kwenye mashine, na sisi tukapita chini ya kile kizingiti cha kukagua chuma. Niliona aibu kwa ajili ya ule mto. Kijana aliyeubeba aliubeba kwa mikono miwili.

Karibu na mapokezi kuna ukuta wa kumbukumbu, maji yanatiririka karibu yake, na juu yake yameandikwa majina ya watu 31 waliouawa humo katika shambulio la 2008. Wengi walikuwa wageni, lakini wafanyakazi nao wamo. Wakati wa shambulio wapishi na wahudumu walibaki ndani wakiwatoa wageni kwa milango ya jikoni, wengine wakajiweka mbele ya risasi. Meneja mkuu aliendelea kuokoa watu ilhali mkewe na wanawe wawili walikuwa wamekufa ghorofa ya sita kwa moto ule. Nilitaka nimsomee Mama majina, nikafungua mdomo.

“Niache,” akasema.

Akasogea. Retina iliyowahi kubanduka hairudi ilivyokuwa, mistari iliyonyooka yeye huiona ina mawimbi. Alisimama karibu mno, kidole hewani, akifuata herufi moja baada ya nyingine, midomo inacheza bila sauti. Watu walipita nyuma yetu na mabegi yao. Hakuna aliyetuharakisha. Alitumia muda mrefu sana, na alipomaliza alisema, “Thelathini na moja. Nimeyasoma yote.” Hayo ndiyo maandishi ya kwanza aliyoyasoma kwa jicho lile. Nilikuwa nimemnunulia gazeti la kujaribia, likabaki kwenye mkoba.

Chumba chetu kilikuwa upande wa jengo kongwe, sio ule mnara ulioongezwa miaka ya 1970. Nililipigania hilo wakati wa kuweka nafasi, kwa sababu bei ya mnara ilikuwa nafuu. Sitakieleza chumba kirefu. Kilikuwa na dari ya juu, kitanda kipana, marumaru, na taulo nzito kama blanketi. Mhudumu wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole, asiyekuwa na Kiswahili, na Mama hana Kihindi. Nilipotoka bafuni niliwakuta wanazungumza. Mama anagusa kitu, anakitaja, na mzee anakitaja upande wake: meza, mez. Sabuni, sabun. Chai, chai. Kila neno lilipokutana walichekelea wote wawili kama watu waliogundua ukoo. Mama akanyoosha mkono dirishani kote, huku na huku, akasema, “Dunia.” Mzee akaweka mkono kifuani. “Duniya,” akajibu.

Kisha akavuta pazia, akatoka taratibu.

Bahari ilikuwa pale chini, yote. Maji ya bandari ya Mumbai si ya buluu, yana rangi ya chai ya maziwa, na Januari ukungu hufunika upeo. Sikutaka asikitike, nikaanza kumweleza kwamba asubuhi huenda ikawa safi zaidi. Hakunisikiliza. Alikuwa anahesabu. Boti ziendazo kisiwa cha Gharapuri, chenye yale mapango ya kuchongwa ya Elephanta, hutia nanga kwa wingi karibu na Lango, zimesongamana, kila moja ina rangi zake. Alifika kumi na tisa, moja ikasogea, akapotea, akaanza upya. Alinionyesha mvulana aliyekaa pembeni ya boti amening’iniza miguu. Mimi, mwenye macho mawili, nilikuwa sijamwona.

“Ana kandambili moja,” Mama akasema.

Nikatazama sana. Kweli.

Hapo nililia. Nilikuwa nimejizuia tangu siku daktari wa kwanza, wa kule tulikotoka, alipotuambia tumechelewa na tuzoee. Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akanishika kiganja, akaendelea kuhesabu.

Kitandani hakulala. Alivuta kiti dirishani, akajifunika shuka, akakesha na taa za meli zilizotia nanga mbali. Mara mbili nilimsihi apumzike. Mara ya pili alinijibu, “Nimelala wiki saba, mwanangu.” Alfajiri nilipoamka alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, macho wazi, kioo kimepata ukungu wa pumzi yake. Jua lilitokea upande ule ule wa bandari, jekundu, bila miale, mtu unaweza kulitazama. Lango lilibaki jeusi mbele yake. Boti ya kwanza ilikuwa inajaza watu.

Saa ya kuondoka ikafika. Mbele ya lifti Mama alisimama, akasema tushuke kwa ngazi.

Zile ngazi ndizo moyo wa hoteli. Zinapanda katikati ya jengo chini ya kuba, zimechomoza kutoka ukutani bila nguzo inayoonekana kuzishika, na ukiinamia ukingo unaona ghorofa zote zimepangana hadi chini. Mwenye jicho moja hana kipimo kamili cha kina. Kila kipandio kwake kinaweza kuwa karibu au kiwe shimo. Nilimpa mkono. Akaukataa, akakamata ukingo wa ngazi, akatanguliza mguu wa kulia, akaupapasia kidogo, akaukanyagisha. Nilimfuata kipandio kimoja nyuma, mikono yangu iko tayari pande zote mbili za kiuno chake bila kumgusa. Yule mhudumu wetu alikuwa chini yetu amebeba ule mto wenye tundu, na kila tulipofika mahali pa kupumzikia alisimama naye, akageuka, akangoja.

Ghorofa ya chini kabisa Mama alisimama katikati, akaachia ukingo. Akaurudisha uso nyuma taratibu, shingo ikanyooka, mpaka akawa anatazama juu moja kwa moja, ndani ya kuba, lile lile aliloanza nalo kwa nje.

“Kumbe ndani lina mwanga,” akasema.

Mhudumu naye akainua uso kutazama. Nikainua na wangu.