Makaratasi ya Joel Chandler Harris, na ya waandishi wetu je?

Jamani kuna kitu kimenikaa kichwani wiki yote hii. Huko Atlanta, Marekani, Chuo Kikuu cha Emory wanatunza makaratasi ya Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti la Atlanta Constitution aliyefariki 1908. Barua zake, miswada yake, vyote vipo.

Kabla ya kuingia gazeti hilo Harris alikuwa mji wa Savannah, jimbo hilo hilo la Georgia, anaandika vipande vifupi vya kuchekesha gazetini kuhusu mambo ya jimbo, mpaka 1876 homa ya manjano ilipoingia akaondoka na familia. Ila kilichompa jina ni hadithi za Uncle Remus, mzee mweusi wa kubuni anayesimulia, kitabu cha 1880, na humo ndani mjanja ni nani? Sungura! Sungura wetu huyu huyu, ananaswa kwenye sanamu la lami, kwetu la ulimbo. Na hakuzitunga yeye, alizisikia akiwa kijana anapanga herufi kwenye gazeti lililokuwa linachapwa shambani Turnwold wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akipata nafasi anaenda kwenye vibanda vya watumwa kusikiliza wazee wakisimulia. Mmoja wao aliitwa George Terrell. Wangapi tunalijua hilo jina? Kiukweli inaniuma sana, mababu zao walichukuliwa Afrika wakabaki na hadithi, halafu kwenye jalada likakaa jina la mzungu. Ndo maana nasema makaratasi yatunzwe, bila hayo huwezi hata kufuatilia nani alimsimulia nani.

Sasa njoo hapa Dar. Kuna mzee mtaani kwetu Magomeni amekata safu za vichekesho magazetini tangu enzi za Mwalimu, kabandika kwenye kaunta buku kwa gundi ya unga, pembeni kaandika tarehe kwa biki. Mende washaanza kuila ile gundi, kuna ukurasa umebaki kichwa cha habari tu. Magazeti mengi ya wakati ule yaliishia kufungia vitumbua. Na barua ambazo wasomaji waliwaandikia hao waandishi ziko wapi? Nyaraka za Taifa wapo pale Upanga, ila mengi ya mtu binafsi yanabaki kwenye boksi chini ya kitanda, mzee akifariki chumba kinasafishwa apangishwe mtu.

Kama babu au shangazi yako aliwahi kuandika gazetini, tafadhali nenda kapige picha kila karatasi, mbele na nyuma, na kama bado yupo muulize zile hadithi alisimuliwa na nani, uandike na majina yao.