Nilivyotathmini mti ulio hatarini kutoweka na kuuandalia mpango wa hifadhi

Nilipokabidhiwa kutathmini mti mmoja wa msitu wa milimani, ambao hauoti kwingine na ulikuwa haujaingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN (Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili), inayopanga spishi kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, nilichopewa ni maelezo ya kitaalamu ya spishi hiyo pamoja na picha za sampuli zilizokaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho. Nilianza na lebo za sampuli, kwa kuwa hesabu zote za baadaye huzitegemea. Lebo za zamani hazina vipimo vya GPS. Mojawapo ilieleza tu kwamba mti ulikutwa ukingoni mwa kijito, juu ya njia, ukiwa na maua meupe, na ilinibidi kulinganisha mwinuko uliotajwa na ramani ya njia za msitu ya wakati ule hadi nikabakiwa na kipande kimoja cha bonde. Kuna sampuli zilizochumwa mahali ambapo sasa ni mashamba matupu. Hizo nazo niliziweka kwenye ramani kwa alama ya pekee, maana ndizo ushahidi wa kile kilichokwisha kupotea.

Vigezo vya IUCN ni vitano, A hadi E, na spishi hupimwa kwa vyote, kisha hupewa daraja la hatari lililo juu kuliko yote ambayo takwimu zinaliruhusu. Kigezo A kinauliza idadi imepungua kwa kiasi gani katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea muda upi ni mrefu zaidi. Kwa mti ambao hakuna anayejua huchukua miaka mingapi kuzaa, sikuwa na msingi wa kukitumia. Kigezo E kinahitaji modeli ya uwezekano wa kutoweka, nacho nilikiacha haraka. C na D vinategemea idadi ya miti iliyokomaa, yaani ile inayoweza kuzaa, wala miche haihesabiwi hata ikijaa chini ya mama yake. Kilichobaki na nguvu ni B, kinachopima ukubwa wa eneo.

Hapo kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni eneo la msambao, linalopatikana kwa kuzungushia mstari alama zote za nje bila kuacha pembe inayoingia ndani. Likiwa chini ya kilomita za mraba 5,000, spishi inaweza kuingia daraja la walio hatarini kutoweka. Cha pili ni eneo linalokaliwa hasa, ambalo huhesabiwa kwa kulaza juu ya ramani gridi ya miraba yenye ubavu wa kilomita 2, kila mraba wenye mti ukihesabiwa kuwa kilomita za mraba 4, na kikomo chake kwa daraja hilohilo ni kilomita za mraba 500. Naona gridi hiyo ni ya ukarimu kupita kiasi kwa mmea unaoota kando ya kijito chembamba, lakini bila kipimo kimoja kwa wote hatungeweza kulinganisha mti na chura.

Eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima pia yatimie angalau masharti mawili kati ya matatu: makazi yawe yamekatika vipandevipande au maeneo yawe machache, kuwe na upungufu unaoendelea, au kuwe na mabadiliko makubwa mno ya kupanda na kushuka. Katika kuhesabu maeneo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, kwa sababu IUCN huyahesabu kwa kufuata tishio: eneo moja ni sehemu ambayo tukio moja linaweza kuiathiri miti yote iliyomo kwa muda mfupi. Vikundi vya miti vilikuwa vingi, ila tishio kuu lilikuwa moto unaopanda kutoka mashambani, na moto hauheshimu mpaka wa kikundi. Kwa kufuata makovu ya moto kwenye picha za setilaiti, vikundi vyote viliangukia kwenye migongo mitatu ya mlima. Daraja la walio hatarini kutoweka linataka maeneo yasiyozidi matano, na upungufu wa makazi ulionekana wazi kwenye picha hizohizo. Hivyo mti ukaingia humo.

Daraja linaeleza ukubwa wa hatari bila kusema la kufanya, na kwa sababu hiyo mpango niliuandaa kama kazi ya pili. Tuliwaita walinzi wa msitu, wataalamu wa mbegu, wakulima wa kandokando na warina asali, na kwa kila tishio tukauliza chanzo chake, kisha chanzo cha chanzo hicho. Warina asali ndio waliotueleza mwezi ambao matunda hudondoka, jambo ambalo hakuna lebo iliyolitaja, kwani sampuli zote zilichumwa wakati wa maua. Mbegu zilipojaribiwa zilikufa zikikaushwa, kwa hiyo benki ya mbegu, ambayo kwa kawaida hukausha mbegu na kuzitunza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, haikutufaa. Tukaamua kupanda miti hai katika bustani zaidi ya moja.

Mjumbe mmoja alipendekeza fedha zote zielekezwe kwenye bustani. Nilitaja chura wa Kihansi nchini Tanzania, ambaye takriban 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na akaanza kurudishwa mwaka 2012. Ufugaji ulimwokoa, lakini kurudi kwake kulihitaji kwanza mitambo ya kunyunyizia maji katika korongo ambalo bwawa la umeme lilikuwa limelipunguzia rasharasha. Baada ya hapo barabara za kuzuia moto zikawekwa mwanzoni mwa mpango, na bustani zikafuata.

Kila kazi iliandikwa pamoja na mhusika wake, muda wake na kitu kitakachopimwa. Ambayo haikupata mhusika tuliifuta. Walinzi walichukua jukumu la kuhesabu miche iliyovuka urefu wa goti kila mwaka, kwa fomu ya ukurasa mmoja, na tathmini yenyewe itarudiwa kabla ya kufikisha miaka 10, kwani baada ya muda huo IUCN huihesabu tathmini kuwa imepitwa na wakati.