Duara la Kisutu

Mwaka 1999 wasichana wa mtaa wetu, Dar es Salaam, tulikuwa tunaishi kwa wimbo mmoja: "Dholi Taro Dhol Baaje", ule wa filamu ya Kihindi ya Hum Dil De Chuke Sanam. Kanda ya video ilizunguka nyumba kwa nyumba, ikarudishwa nyuma mara nyingi mpaka picha ikaanza kukwaruza palepale penye wimbo. Tulimwangalia mwigizaji Aishwarya Rai alivyokuwa akiizungusha sketi yake, nasi tukifunga khanga kiunoni na kujipanga safu sebuleni, sote tumeielekea runinga.

Mama alikuwa fundi cherehani, na Oktoba ilikuwa msimu wake. Mabinti wa Kigujarati wa Kisutu na Upanga walimletea nguo za Navratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa ambazo kila usiku huchezwa garba, ngoma ya duara, kwa heshima ya mungu wao wa kike, Amba. Chaniya ni sketi, choli ni blauzi fupi, na juu yake mtandio. Kazi ya mama ilikuwa kupinda pindo na kurudishia vioo vilivyodondoka. Vioo vile havikubandikwa kwa gundi. Kila kimoja, kidogo kama kifungo, kilishikwa na uzi ulioshonwa kukizunguka ukingoni. Sketi moja ukiinyanyua, mkono unachoka.

Kilichonishangaza ni choli. Mbele ilikuwa ya kawaida, ila nyuma ilikuwa wazi, imefungwa kwa kamba zenye mashada ya nyuzi na vioo. Nilimuuliza mama kwa nini wahangaike na mgongo kiasi hicho. "Wanajua wenyewe," akasema, huku uzi uko mdomoni.

Chaniya ya mwisho ilikuwa ya mjukuu wa bibi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, kama Wagujarati wanavyoita bibi zao. Alikuja mwenyewe kuulizia.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Sketi utaleta wewe, leo usiku. Halafu utacheza."

Mama akaniruhusu, mradi nirudi na watu.

Kwenye ua wa hekalu nilikuta migongo. Hapakuwa na jukwaa wala safu. Katikati kulikuwa na chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, taa inawaka ndani, na wanawake wamekizunguka duara ndani ya duara, vikongwe kwa watoto, wote nyuso ndani. Anayesimama nje haoni sura ya mtu. Anaona kamba za choli na vile vioo vikimeremeta, na aliye nyuma ya mwenzake anaona hivyohivyo. Hapo nikaelewa kwa nini mgongo ulipambwa. Garba haikutengenezewa mtazamaji. Ukitaka kuiona, sharti uingie.

Ba alinishika mkono, akaniingiza. Yeye alivaa sari ya pamba tu, miguu pekupeku. Alinifundisha makofi matatu: piga hatua, kofi, hatua, kofi, geuka, kofi. Miguu ikishazoea, mikono inajipeleka yenyewe.

Usiku ulipokolea, vijana wakawaomba wapiga ngoma wimbo wetu ule wa sinema. Ukapigwa! Nilidhani duara litavunjika, kila mtu ajitafutie pa kuonekana. Wapi! Makofi yalikuwa yaleyale matatu, mwendo ukaongezeka tu. Vaibhavi Merchant, aliyeupangia wimbo ule uchezaji, alipewa Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India, na kwangu mimi aliistahili kabisa. Lakini kamera lazima isimame mahali, na wachezaji lazima waigeukie. Pale uani hapakuwa na wa kugeukiwa isipokuwa taa.

"Ba, hata wimbo wa sinema mnaucheza hapa?"

"Sinema imechukua kwetu," akasema, pumzi zikimpaa. "Piga kofi, dikri." Dikri kwao ni binti.

Tukacheza mpaka wakati wa arati, ibada ya kumzungushia mungu taa. Prasadi, chakula kilichobarikiwa, ilipogawiwa, Ba alinipa fungu langu, akafunga jingine kwenye karatasi: la mama, fundi wa ile sketi.