Pastel azteca isilowe: jinsi nilivyotatua
Pastel azteca, tortilla (chapati nyembamba) za Meksiko zinazopangwa tabaka kwa tabaka na kuokwa, ilikuwa ikitoka ovenini imelowa, kijiko kinazama kama kwenye uji. Nikapandisha moto; ikaungua juu, chini maji yaleyale. Kumbe kosa ni tortilla: za mahindi zikiwekwa kavu hunyonya sosi na kumomonyoka.

Dawa ni mafuta. Pitisha kila tortilla kwenye mafuta ya moto, sekunde 10 kila upande, itoke bado laini ya kukunjika, kisha ifute kwa karatasi ya jikoni. Utando huo wa mafuta ndio unaozuia sosi kupenya haraka.

Sosi ya nyanya nayo ichemke kutoka mililita 700 hadi 500. Ukiburuta mwiko, njia ibaki wazi chini ya sufuria. Pilipili za poblano (pilipili kubwa za Meksiko, zisizo kali sana) ukishazichoma na kuzimenya, zikaushe vizuri.

Tortilla 12, kuku wa kuchambua gramu 500, jibini gramu 250, tabaka tatu. Oka nyuzi 190 kwa dakika 25. Usikate kabla ya dakika 15, hata njaa ikiuma: jibini inayotokota haishikilii kipande.